Mpapasi na Wanawake Wasiolia

1

Kidoti cha sindano kilikuwa juu mno.

Daktari Siwema Mhina alikuwa ameibandua plasta taratibu, kama mtu anayemenya yai la moto, ili asimwumize mzazi aliyejifungua jana yake. Sasa aliinama kutazama. Vidoti vya siku zile vilikuwa vimemtia shaka, basi kabla ya sindano alikuwa amempaka yule mama alama mbili za wanja, moja juu ya nyonga ya kulia na nyingine juu ya nyonga ya kushoto, akisingizia kwamba anakagua upele. Wanja haukuwa umefutika. Ungevuta uzi kutoka alama hii hadi ile, kidoti cha sindano kilipaswa kukaa jirani na uzi huo, juu yake kidogo tu. Hiki kilikuwa kimepanda upana wa vidole vinne.

Akamwuliza yule mama kama kuna mahali anasikia vibaya. Mama akacheka kwa adabu, akasema hana neno, mguu mmoja tu umelala kidogo, ameulalia vibaya. Kisha akateremka kitandani kwenda kuoga, khanga begani, sabuni mkononi. Hatua chache mbele, ndara ya mguu wa kushoto ilimtoka ikabaki katikati ya sakafu. Yeye akaendelea kutembea, mguu mmoja na ndara, mmoja mtupu juu ya sakafu ya baridi, bila habari.

Siwema aliiokota ile ndara akamfuata nayo. Alipomvisha, yule mama aliona aibu sana, akaomba radhi.

Bonde lote la Lwengera lilikuwa halijui mchomaji mwingine wa ganzi ya mgongo ila Mpapasi. Ukimwona hakutishi. Ni kitambaa kizito, laini, rangi ya ugali wa muhogo, kinachotandazwa juu ya mgongo wa mama aliyeshikwa na uchungu. Kinapata joto mpaka kinalingana na mwili. Ndani yake mna masikio madogo madogo yanayosikiliza sauti inavyogonga mifupa na kurudi, na pembeni pana mkono mwembamba unaobeba sindano. Kinapanda kutoka kwenye kitokono, mwisho wa chini wa mgongo, kinahesabu pingili za uti wa mgongo moja moja, kinatafuta upenyo kati ya pingili ya tatu na ya nne za kiunoni. Hapo ndipo sindano huingia na mrija wa ganzi hupitishwa. Chini kule ndani hamna hatari kubwa, mna nyuzi tu za mishipa ya fahamu zinazoelea kama tambi majini, sindano ikizikaribia zinajitenga. Lakini ukipanda pingili mbili zaidi unakuta mwisho wa ugwe wenyewe, ule unaotoka kichwani. Ugwe haujitengi. Ukiuchoma umeuchoma.

Zamani madaktari walitafuta upenyo huo kwa vidole. Na vidole hukosea, kwa sababu mama mjamzito ana maji na nyama mgongoni, nyonga zimebinuka, na daktari anayedhani yuko pale, mara nyingi yuko pingili moja juu. Ndiyo maana sheria ikaja kukataza mkono wa mtu kushika sindano ya mgongo. Daktari wa ganzi akabaki kazi yake kusimama kando, kumwangalia mama, na kumwangalia Mpapasi.

Siwema alikuwa ameangalia miaka mingi. Sasa alianza kuangalia kwa jicho la pili.

2

Alimwendea fundi wa mashine, Bwana Hoza, kijana mpole mwenye miwani aliyependa kula karanga kazini. Alimweleza habari ya wanja na kidoti. Hoza alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa vidole, akamwonyesha kwenye kioo picha za migongo yote ya mwezi ule. Kila picha ilikuwa safi, na kila moja imeandikwa nafasi ya tatu, yaani upenyo ulio chini ya pingili ya tatu. Akasema kwa heshima kwamba wanja hupakwa kwa vidole, na vidole vya daktari ni vilevile vilivyokatazwa na sheria.

Siwema alikubali kwamba hilo nalo lilikuwa na ukweli. Lakini aliuliza jambo jingine: Mpapasi anajuaje kwamba amepata mahali pazuri?

"Anauliza," Hoza alisema. "Anamwuliza mama mwenyewe. Kuna kitu umesikia mguuni? Akisema ndiyo, anashuka. Akisema hapana, na ganzi ikashika upesi, anajua pale ni pazuri, na mara ijayo anaanzia hapo au juu kidogo. Ukipanda, ganzi inashika upesi zaidi. Anajifunza, daktari. Kila siku anajifunza."

"Na ni lini mama wa hapa bondeni alimwambia ndiyo?"

Hoza alicheka kwa fahari. Akasema hajawahi hata mmoja. Mashine za bonde la Lwengera ndizo zinazosifiwa kuliko zote, makao makuu wametuma pongezi.

Siwema hakucheka. Jioni ile alimpigia simu mwenzake aliyesoma naye, anayefanya kazi hospitali ya bandarini, akamwomba atazame vidoti vya wazazi wa wodini kwake. Mwenzake akamjibu kesho yake kwamba vyote viko chini, jirani kabisa na nyonga, kwa nini anauliza? Mashine ni ileile, kitambaa ni kilekile. Siwema alijua tofauti iko wapi. Wanawake wa bandarini wakiumwa mtaa mzima unajua, na wanamtukana mume, mkunga na Mpapasi kwa zamu. Wa Lwengera wamepita kwa kungwi.

Naye Siwema alipita huko. Alikaa ndani wiki nzima, ngozi ikipakwa liwa, na kungwi wake, Bi Chausiku, akamfundisha kwamba mzazi hafungui kinywa mpaka mtoto afungue chake. Hasemi inauma. Hakunji uso. Akiulizwa, hana neno. Siwema alizaa watoto wawili hivyo, na hakuna jambo alilojivunia zaidi, hata cheti cha udaktari.

Basi sasa alikaa jikoni kwake akichambua mchele, akaliona jambo zima likiwa wazi kama chuya juu ya ungo. Mashine ilikuwa ikiuliza swali la kweli na kupewa jibu la heshima. Wanawake wamesema hapana, nayo ikapanda. Wakasema hapana tena, ikapanda tena. Na kila ilipofika iliita pale nafasi ya tatu, kwa sababu hakuna aliyeiambia kwamba si pale.

Alimpelekea mganga mkuu habari hizi. Mganga mkuu akamwuliza ana ushahidi gani zaidi ya wanja, na akamkataza kuwatia wazazi hofu kwa jambo la kudhania.

3

Mwanjaa aliletwa saa nne asubuhi, mimba ya kwanza, uchungu umekwisha kukolea. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwalimu wa chekechea, na moyo wake ulikuwa na kasoro. Homa ya utotoni iliukaza mlango mmoja wa moyo, damu inapita kwa shida. Kwa hiyo yeye si wa kuambiwa aache ganzi. Uchungu wa kusukuma bila ganzi ungeweza kuusimamisha ule moyo mezani. Mkunga alilijua hilo, Siwema alilijua, na Mwanjaa mwenyewe aliambiwa tangu kliniki.

Nyuma yake aliingia Bi Chausiku, amejifunga khanga mpya, amebeba kikapu chenye chupa na kikombe cha uji. Wanawake wa bonde walikuwa wamepigania kungwi aruhusiwe kuingia chumba cha kujifungulia, na hospitali ikakubali.

Siwema alipiga goti kidogo. "Shikamoo, Somo."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Kazi inakula watu au watu wanakula kazi?"

Siwema alitabasamu, akamwendea Mwanjaa. Alimwinamia karibu na sikio, kana kwamba anamrekebishia mto, akamwambia polepole: Ukisikia kitu chochote mguuni, hata kidogo, mwambie mashine. Usinionee haya mimi, usimwonee haya mtu. Mwanjaa aliitikia kwa kichwa. Lakini macho yake yalikuwa yameshaelekea kwa Bi Chausiku, naye Bi Chausiku alikuwa akimtazama Siwema.

Walimkalisha ukingoni mwa kitanda, miguu juu ya kigoda, mgongo umejikunja kama kamba wa baharini. Kungwi alisimama mbele yake akamshika mabega. Siwema alisimama ubavuni, mkono mmoja umemshika Mwanjaa sehemu ya juu ya mkono. Mpapasi akatandazwa. Akapata joto. Akaanza kupanda, akihesabu kwa ile sauti yake ya upole, sauti ya mwanamke asiyejulikana ni wa kabila gani.

"Nafasi ya tano. Nafasi ya nne."

Siwema aliona kwa macho yake. Kati ya tano na nne, kitambaa kilijivuta safari ndefu kuliko pingili moja. Kiliruka, kama mtu anayeruka ngazi mbovu anayoijua.

"Nafasi ya tatu. Mama, tulia. Nachoma."

Sindano iliingia. Uso wa Mwanjaa haukubadilika hata chembe. Ungedhani anasikiliza taarifa ya habari. Lakini chini, juu ya kigoda, kidole gumba cha mguu wa kushoto kilijikunja ghafla, kikajinyoosha, kikajikunja tena, peke yake, kama kuku aliyechinjwa.

"Mama," Mpapasi aliuliza, "kuna kitu umesikia mguuni?"

"Hapana," alisema Mwanjaa.

Bi Chausiku alimpapasa bega. Mkunga alikuwa amegeuka kuandaa vifaa. Hakuna aliyekiona kile kidole ila Siwema.

Mpapasi huuliza mara mbili. Baada ya jibu la kwanza husogeza sindano mbele unywele mmoja, kisha mkono wake hulegea, unafuata mwili wa mama kama tawi lifuatavyo upepo, na huuliza tena. Akipata hapana ya pili anapitisha mrija na kumimina ganzi, na hapo hakuna kurudi. Hakuna sauti nyingine anayoitii. Siwema angepiga kelele hapo mpaka koo likauke, ingekuwa ni kelele za mpita njia. Na kumzima sindano ikiwa ndani ni kuiacha imekwama mwilini.

Basi Siwema alifikiria jambo ambalo daktari hafai kulifikiria. Vidole vyake vilikuwa vimeshika nyama laini ya mkono wa Mwanjaa, pale nyuma, karibu na kwapa, mahali ambapo kila mama wa Lwengera anajua kumfinya mtoto mtundu msibani bila watu kuona. Akifinya sawasawa, Mwanjaa atapiga kelele. Mpapasi atasikia kelele, atadhani ni mguu, atashuka.

Lakini huo ulikuwa uongo. Alikuwa akiishuku mashine kwa kulishwa majibu yasiyo ya kweli, naye anataka kuilisha jingine. Halafu mwili ule haukuwa wake. Mwanjaa alikuwa ameamua, kwa akili zake timamu, kusema hapana. Alikuwa na haki ya heshima yake hata kama itamgharimu mguu. Au alikuwa nayo kweli? Nani aliyeamua, Mwanjaa au wiki ile ya kukaa ndani? Tena kulikuwa na shaka mbaya zaidi: kwa kuwa hakuna mama wa bondeni aliyewahi kulalamika, hakuna aliyeona kwa macho Mpapasi wa Lwengera anafanya nini akilalamikiwa. Hoza alisema atashuka. Je, kama atajifunga na kukataa? Mwanjaa atasukuma bila ganzi, na moyo ule?

Na vidole, je? Sheria yenyewe inasema vidole hukosea.

Sindano ikasogea. Kidole gumba kikajikunja, safari hii na vidole vingine vyote. Mkono wa mashine ukalegea.

"Mama, kuna kitu umesikia mgu—"

Siwema akafinya. Alifinya na kuzungusha.

Mwanjaa alipiga ukelele uliomfanya mkunga aangushe bakuli. Bi Chausiku alimwachia mabega kama aliyeshika chungu cha moto.

Mpapasi akausimamisha mkono wake. Halafu, kwa upole uleule: "Mama, umesikia nini?"

Hilo Siwema hakulitazamia. Alikuwa amesahau kwamba mashine ingetaka maelezo.

Mwanjaa aligeuza shingo taratibu. Alitazama mkono wake, mahali palipoanza kuwa pekundu. Akamtazama Siwema usoni, na Siwema hakuweza kukwepesha macho. Hakukuwa na haja ya kueleza, alijua amefinywa, na alijua nani kafinya. Neno moja tu, nimefinywa, na sindano ingeendelea na safari yake, na Siwema asingekuwa daktari tena wiki ijayo. Bi Chausiku naye alikuwa ameyaona yale macho mawili yakitazamana. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwali wangu. Mjibu."

Uchungu mwingine ulikuwa unakuja, unamkaza tumbo. Mwanjaa aliuacha upite. Machozi yakamtoka, ya kwanza ambayo mtu yeyote chumbani mle alipata kuyaona kwake.

"Mguu," alisema. "Wa kushoto. Kama maji ya moto yanamwagika ndani ya mfupa. Tangu ile mara ya kwanza. Na sasa na huu mwingine. Nilisema hapana, nisamehe. Ni uongo. Unawaka."

"Asante, mama," Mpapasi alisema. "Nashuka."

Sindano ikatoka. Kitambaa kikarudi chini, kikapanda upya, safari hii polepole, hakikuruka mahali. Kikasimama jirani kabisa na nyonga, na ile sauti ikatangaza, bila aibu wala kujirekebisha:

"Nafasi ya tatu."

Siwema alipima kwa macho. Lilikuwa jina lilelile, upana wa vidole vinne chini.

4

Mtoto alizaliwa alasiri, wa kike, mwenye kinywa kikubwa, na alijua kukitumia. Moyo wa mama ulistahimili. Ganzi ilipoisha Siwema alimkuna Mwanjaa nyayo kwa ncha ya kalamu, na miguu yote miwili ikaruka.

"Daktari," Mwanjaa alisema, "umenifinya."

"Nimekufinya. Nitakwenda kumweleza mganga mkuu mwenyewe, kabla hajasikia kwa mwingine. Nawe ukitaka kunishtaki una haki."

Mwanjaa alifikiri, akimnyonyesha mtoto. "Ungeniuliza bila Somo kuwepo, ningekuambia," alisema. "Lakini hukuthubutu kumtoa nje. Wewe pia unamwogopa."

Siwema alimfunika miguu, akatoka. Alikwenda kwa Hoza kumwambia kwamba sasa wana mama mmoja aliyesema ndiyo. Hoza alitikisa kichwa kwa masikitiko. Akaeleza kwamba Mpapasi hupepeta majibu kama mtu anayepepeta mpunga. Ndiyo moja katikati ya hapana za wanawake wote wa bonde ni kipande cha pumba, itapeperuka. Kesho ataanzia palepale juu. Wanahitaji wengi, akasema, na wawe wanasema kweli, maana wakianza kulalamika ovyo atashuka mpaka ganzi isishike kabisa. Yeye hajui mgongo, daktari. Anajua alichoambiwa.

Katika bonde zima kulikuwa na mtu mmoja ambaye wanawake wangemsikiliza.

Bi Chausiku alikuwa uani, penye kamba za kuanikia nguo, anasuuza kile kikombe cha uji kwenye bomba ingawa kilikwisha kutakata. Siwema alipiga magoti kwenye saruji iliyolowa.

"Shikamoo, Somo."

Hakujibiwa. Maji yalitiririka. Siwema hakuinuka. Alianza kueleza hivyo hivyo akiwa magotini, habari ya wanja, habari ya ugwe, habari ya mama aliyeacha ndara njiani asijue. Hakumlaumu mtu. Alisema tu mashine inauliza, na sisi tunajibu kama tulivyofundishwa.

"Umemfinya mwali wangu," Bi Chausiku alisema hatimaye, bila kugeuka. "Mbele yangu. Umemtoa ukelele kama mbuzi."

"Ndiyo, Somo."

"Na sasa unataka niwaambie wote wapige kelele."

"Si kelele, Somo. Waseme panapouma. Basi."

Bi Chausiku alifunga bomba. Alikikung'uta kikombe, akakitazama ndani kama anayesoma kitu.

"Wewe unadhani ni kitu kimoja," alisema. "Nikiwaambia waseme panapouma, utawakomesha wapi? Wataanza na mguu. Kesho watasema la mume, keshokutwa la mama mkwe, na la mimi niliyewafungia ndani. Nyumba ngapi za bonde hili zimesimama kwa sababu kuna mtu mle ndani hasemi? Unazijua wewe? Mimi nazijua, zote nimezifundisha."

Siwema alisema hazijui.

"Na hiyo mashine yenu. Leo inasikia hapana, inapanda. Kesho inasikia ndiyo, inashuka. Haina kauli yake yenyewe. Mnamweka mtoto wa mtu mikononi mwa kitu kisicho na chake?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako, Somo."

Bi Chausiku alicheka puani, kicheko kisicho na furaha. Hakuitikia shikamoo. Alijifunga khanga upya kiunoni, akakaza fundo, akachukua kikapu chake, akampita Siwema palepale chini alipokuwa, akaingia wodi ya wazazi. Siwema aliinuka, magoti yamelowa, akamfuata hadi mlangoni, akasimama hapo asionekane.

Kwenye kitanda cha kwanza alilala mama aliyejifungua asubuhi ile kabla ya Mwanjaa, msichana wa miaka kama ishirini, naye ni mwali wa Bi Chausiku kama wote. Alipomwona kungwi wake akaanza kujiinua kwa adabu. Bi Chausiku akamrudisha chini kwa kiganja, akafunua shuka miguuni, akakiminya kidole kimoja cha mguu.

"Unasikia hapa?"

"Sijambo, Somo," alisema msichana, akitabasamu.

"Sikukuuliza hujambo."

Msichana alitazama mlango, akatazama dari. Tabasamu lilibaki usoni muda mrefu baada ya kukosa kazi. Bi Chausiku alivuta kigoda, akaketi, akaweka kikapu chini. Akakishika tena kile kidole, akangoja.